Filamu za makala kuhusu sanaa ya kisasa na wasanii wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu nimeuandika kwa ajili ya wanaoniuliza namna ya kutengeneza filamu kuhusu msanii aliye hai na kazi anayoifanya sasa. Maswali mengi huanzia kwenye kamera. Majibu yangu mengi yatakurudisha kwenye muda: muda utakaokaa karakanani kabla ya kurekodi chochote, na muda utakaomwachia mtazamaji aitazame kazi bila mtu kumsemesha. Soma kwa mpangilio wowote unaokufaa.

Sikusomea sanaa. Naweza kutengeneza filamu kuhusu wasanii?

Unaweza, ila usiende ukiwa hujaiona kazi yenyewe kwa macho yako. Picha ya kwenye simu haitoshi. Chukua mfano wa El Anatsui, anayeunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa pazia kubwa la ukutani. Kwenye skrini unaona kitambaa kinachong'aa kama dhahabu. Ukisimama mbele yake unaona kila kifuniko kimepondwa au kukunjwa kwa mkono, unaona waya ulipofungwa, na ukiuliza utaambiwa kwamba kazi ileile hutundikwa kwa mikunjo tofauti kila inapohamia ukumbi mwingine. Maswali matatu ya filamu yameshazaliwa hapo: nani anakunja, nani anafunga, na nani anaamua mikunjo ya safari hii.

Usomi utakusaidia baadaye, wakati wa kuhakiki tarehe na majina. Mwanzoni kinachokusaidia ni kukubali kuuliza swali la mtu asiyejua.

Nimchague msanii gani?

Mchague mwenye kazi inayoendelea, ambayo mwisho wake hata yeye haujui. Msanii aliyekwisha kumaliza kila kitu atakupa hotuba aliyoizoea, nawe utabaki na mtu ameketi kitini akikumbuka.

Ndugu wawili watengeneza filamu, Albert na David Maysles, waliwafuata wasanii Christo na Jeanne-Claude kwa miaka mingi, na walilielewa jambo hili vizuri. Uzio wa kitambaa ambao wasanii hao waliusimamisha California mwaka 1976 ulikuwa na urefu wa kilomita 39.4 na kimo cha mita 5.5, na ulisimama siku 14 tu. Lakini kazi ilikuwa imeanza miezi 42 nyuma: wafugaji 59 wenye ardhi walipaswa kukubali, na kulikuwa na vikao 18 vya hadhara. Mtu aliyefika na kamera siku ya uzinduzi alipata kitambaa kizuri kikipepea. Waliokuwa vikaoni walipata kisa chote, kuanzia wanaopinga na wanaotetea, hadi msanii anayejieleza kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito mbele ya watu wasiomwamini.

Nimwendeeje msanii kwa mara ya kwanza?

Nenda bila kamera. Hata begi la kamera liache nyumbani, maana likiwepo mlangoni mazungumzo yote yanalielekea lenyewe. Omba kukaa, saidia kubeba kitu kama kipo cha kubebwa, kisha nyamaza.

Katika ziara hizo za mwanzo mimi huandika mambo ya kawaida kabisa. Jua linaingia dirisha gani, na saa ngapi linafika mezani? Friji inanguruma? Nani huingia bila kubisha hodi? Msanii hupumzika wapi, na akikwama hufanya nini: huosha brashi, hupiga simu, hutoka nje? Na wasaidizi ni akina nani? Kazi nyingi za sanaa ya kisasa zinafanywa na mikono mingi, na si kila msanii anafurahi jambo hilo lionekane. Liulize mapema. Filamu inayowaficha watu wanaochomelea, kushona na kupaka rangi inawadhulumu, na mtazamaji makini huwa anahisi kuna kitu kimefichwa.

Siku hiyohiyo sema ukweli wako wote: una pesa kiasi gani, unadhani filamu itachukua muda gani, na unataka kuionyesha wapi. Ukianza kwa ahadi kubwa utazilipa kwa aibu.

Kamera haimvurugi msanii akiwa kazini?

Inamvuruga. Kila anayefanya kazi hii anapaswa kulikubali hilo mapema.

Mwaka 1950 mpiga picha Hans Namuth alimrekodi Jackson Pollock nje ya karakana yake kule Springs, katika jimbo la New York. Walifanyia kazi nje kwa sababu hapakuwa na pesa za taa. Namuth alitaka uso wa mchoraji na mchoro wenyewe vionekane pamoja, basi akamfanya Pollock achore juu ya kioo, yeye mwenyewe akalala chini yake na kamera ikitazama juu. Picha zile ni za ajabu hadi leo: rangi inadondoka kuelekea kwetu na mtu anaonekana nyuma yake. Lakini Pollock, ambaye kazi yake ilitegemea kusahau kila kitu isipokuwa rangi, alikuwa akiambiwa anza, acha, rudia, wiki baada ya wiki kwenye baridi. Jioni walipomaliza kurekodi aliingia ndani akanywa pombe baada ya kujizuia kwa takriban miaka miwili, na chakula cha jioni kikaishia kwa meza kupinduliwa. Siwezi kusema kamera peke yake ndiyo iliyomrudisha kwenye chupa. Maisha ya mtu yana sababu nyingi. Nasema tu kwamba kila nikitaka kumwambia msanii "rudia kidogo, sikupata vizuri", namkumbuka mtu yule kwenye baridi, na maneno yananirudi kooni.

Gerhard Richter naye, katika filamu ambayo Corinna Belz aliitoa mwaka 2011, anasema waziwazi mbele ya kamera kwamba kuchora huku unatazamwa ni mateso. Belz hakukikata kipande hicho, na ndipo filamu inapopata uzito, kwa sababu mtazamaji anajua kwamba naye ni mmoja wa wanaotazama.

Kivitendo nina desturi nne. Tunaingia watu wawili tu, mmoja wa picha na mmoja wa sauti. Kamera inakaa sehemu moja kwa saa nzima badala ya kuzunguka. Taa nyekundu ya kurekodi naifunika kwa utepe mweusi. Na simwombi mtu arudie tendo la kuumba, likinipita, limenipita.

Nipige uso au mikono?

Wanaoanza hupiga mikono mno. Mikono ni mizuri, lakini mkono hauonyeshi mashaka, na sanaa imejaa mashaka.

Nilimrekodi mama mmoja mchoraji kwa miezi saba. Siku moja alisimama mbele ya kanvasi, brashi mkononi, rangi ya bluu ikiwa imeshaanza kukauka nyweleni mwa brashi. Hakufanya kitu kwa dakika kumi na moja. Alichokuwa akifanya, kama ungetazama kwa makini, ni kukisugua kidole gumba cha kushoto kwenye aproni yake, sehemu ileile, juu chini, juu chini. Aproni yote ilikuwa na madoa isipokuwa pale, ambapo kitambaa kilikuwa kimechakaa mpaka nyuzi zinaonekana. Kisha akaweka brashi chini, akachukua kisu cha rangi, akakwangua nusu nzima ya kazi ya wiki mbili.

Nilipohariri mara ya kwanza nilizikata dakika zote kumi na moja, nikabaki na kisu. Kwenye skrini ilionekana kama hasira. Nikarudisha sekunde arobaini za kidole gumba, na kile kisu kikawa uamuzi. Tangu hapo kamera yangu ya pili hutulia kwenye sura nzima ya mtu, kuanzia magotini hadi kichwani, hata pale ambapo inaonekana hakuna kinachotokea.

Katika mahojiano niulize nini?

Usiulize "kazi hii ina maana gani?" Msanii ameshaulizwa hivyo mara mia na ana jibu tayari, limekwishaandikwa kwenye kitabu cha maonyesho. Uliza mambo yanayoshikika. Hii mbao umeitoa wapi? Jana ulikuwa umefikia hapa, leo sehemu hii imekwenda wapi? Kitu gani kilikushinda katika kazi hii? Nani wa kwanza kuiona? Utajuaje kwamba imekwisha? Swali la mwisho hunipa majibu mazuri kuliko yote, labda kwa sababu hakuna msanii aliye na uhakika nalo.

Jibu likimalizika, usidakie neno. Hesabu polepole mpaka tano. Mara nyingi sentensi ya maana huja baada ya nne.

Rekodi pia mazungumzo ya sauti tupu, bila kamera, jioni kazi ikiwa imekwisha. Watu husema kwa namna nyingine lenzi isipokuwepo. Katika filamu ya Laura Poitras kuhusu mpiga picha Nan Goldin, iliyoshinda tuzo ya Simba wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Venice mwaka 2022, sehemu kubwa ya nguvu inatoka hapo: sauti ya Goldin akisimulia huku slaidi zake mwenyewe zikipita.

Nihitaji wataalamu wa kuielezea sanaa?

Mmoja au wawili, kama wana jambo la kusema ambalo msanii hawezi kulisema mwenyewe: historia ya mahali, tukio la kisiasa, mbinu iliyotangulia. Wakiwa kumi na wawili wanaosifu kwa zamu, filamu imegeuka hafla ya kumuaga mtu kazini. Kipimo changu ni hiki: mtaalamu akisema "kazi yake ina nguvu", namkata. Akisema "tazama pale kona ya chini, amekiacha kitambaa bila rangi", namweka, kwa sababu amenifanya nitazame.

Nipigeje kazi yenyewe ili isiharibike kwenye picha?

Hapa ufundi una maana kubwa, na makosa yake hayarekebishiki kirahisi wakati wa kuhariri.

Anza na rangi. Weka kadi ya rangi mbele ya kazi na uirekodi sekunde chache kila mwanga unapobadilika. Tumia taa zenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, mwisho wake 100) ya 95 au zaidi. Taa za bei nafuu huifanya nyekundu ionekane kahawia. Usichanganye mwanga wa dirisha na balbu za njano juu ya kazi moja. Chagua mmoja, mwingine uuzime au uuzibe.

Kazi iliyo nyuma ya kioo itakurudishia sura yako na kamera yako. Vaa nguo nyeusi, tundika kitambaa cheusi nyuma ya kamera, na tumia kichujio cha polaraiza. Rangi ya mafuta yenye mabonge inataka taa ya ubavuni, iliyoinamishwa chini kabisa, ili kila alama ya kisu ipate kivuli chake. Taa ileile kwenye mchoro wa wino itaonyesha mikunjo ya karatasi tu, basi huko sambaza mwanga sawasawa pande mbili.

Kwenye makumbusho utakuta masharti. Karatasi na vitambaa kwa kawaida huwekewa mwanga usiozidi laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na rangi za mafuta laksi 200 hivi, kwa sababu mwanga unafifisha rangi na uharibifu huo haurudi nyuma. Usibishane na mlinzi. Leta lenzi inayopokea mwanga mwingi na kamera inayostahimili giza. Omba uingie saa moja kabla ya kufungua milango kwa umma. Mara nyingi stendi inayokatazwa mchana inaruhusiwa asubuhi.

Skrini, projekta na taa za ukumbini ndizo zinazowaumbua wengi. Mahali ambapo umeme ni wa hezi 50, weka kasi ya shata kwenye sehemu ya 50 au ya 100 ya sekunde; palipo na hezi 60, sehemu ya 60 au ya 120. Vinginevyo mistari myeusi itatembea juu ya picha. Hata hivyo skrini, projekta na taa nyingine za LED zina mdundo wake, kwa hiyo jaribu, kisha itazame klipu kwenye skrini kubwa kabla ya kuondoka. Niliwahi kurudi na siku nzima ya picha zinazopepesa kutoka ukumbi mmoja kwa sababu kiskrini kidogo cha kamera hakikunionyesha kasoro hiyo, na maonyesho yalikuwa yamefungwa siku ileile.

Kwa sanamu, usizunguke tu. Weka mtu karibu nayo, mfagiaji, mtoto, yeyote aliyepo, ili ukubwa wake ueleweke.

Na sanaa ya utendaji au usimikaji, ambayo haitundikwi ukutani?

Hapo muda ndio malighafi yenyewe ya kazi. Mwaka 2010 Marina Abramović alikaa kitini katika MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, kwa zaidi ya saa 700 kwa jumla, akiwatazama machoni wageni waliokuja kuketi mbele yake mmoja mmoja. Huwezi kuonyesha saa 700, lakini ukikata kila sekunde tatu umeifuta kazi. Tafuta kipande kimoja ukiache kirefu kuliko mtazamaji anavyotarajia, kisha waonyeshe watu: foleni, mlinzi anayebadilishana zamu, mgeni anayeinuka akiwa na machozi.

Usimikaji ule ambao watu huingia ndani yake urekodi kwa usawa wa macho na kwa mwendo wa mguu. Droni inayopita juu inampa mtazamaji ramani, na hakuna mgeni aliyewahi kuiona kazi kutoka huko.

Sauti ina umuhimu gani katika filamu ya vitu vya kutazama?

Mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Msasa juu ya mbao, brashi ikigonga ukingo wa kopo, redio ya jirani: ndivyo mtazamaji anavyohisi uzito na ukavu wa kitu asichoweza kukigusa. Weka maikrofoni moja karibu na kazi, mbali na mdomo wa mtu. Maikrofoni ya kifuani husuguana na aproni, basi ibandike ndani ya kola. Rekodi kwa kilohezi 48. Kila chumba, kabla ya kuondoka, wote mnyamaze dakika moja mrekodi ukimya wake, mhariri ataushukuru.

Friji ikinguruma, omba ruhusa uizime, na weka funguo zako ndani yake. Hutaweza kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena.

Haki za kazi za sanaa ni za nani? Msanii amenikubalia kwa mdomo.

Neno la mdomo ni mwanzo mwema tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika filamu ukuta huo hujengwa wiki ya mwisho, wakati mnunuzi anadai karatasi zote.

Fahamu kwanza kwamba kumiliki mchoro na kumiliki hakimiliki yake ni mambo mawili. Tajiri aliyeununua anaweza kukuruhusu uingie sebuleni kwake; haki ya kuuonyesha kwenye filamu, katika nchi nyingi, bado ni ya msanii au warithi wake. Mkataba wa Berne, ulioanzishwa mwaka 1886, unataka hakimiliki ya kazi za sanaa idumu angalau maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi miaka 70. Mkataba huohuo unatambua haki za kimaadili: msanii kutajwa, na kazi yake kutopotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Ukiikata picha yake pembeni au ukibadilisha rangi ili ilingane na mandhari ya filamu, uko kwenye eneo hilo.

Kazi zilizo mitaani zina sheria tofauti kila nchi. Ujerumani inaruhusu kwa upana kupiga picha kazi zilizowekwa kudumu hadharani. Ufaransa inabana, na ruhusa yake haihusu matumizi ya kibiashara. Marekani inaruhusu majengo, lakini sanamu za hadharani hazimo katika ruhusa hiyo. Usichukulie kwamba kilicho barabarani ni cha wote.

Kisha kuna vitu vya pembeni. Karakana ya msanii mmoja ilikuwa na bango la picha iliyopigwa na mtu mwingine, limetundikwa nyuma ya kiti alichopenda kukaa. Nililirekodi miezi bila kulifikiria. Mwenye picha alikataa, na nikapoteza dakika nne za mazungumzo bora niliyokuwa nayo. Sasa siku ya kwanza napiga picha ya kila ukuta na kuandika kilichopo ni cha nani. Redio nayo ni hivyohivyo: wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na kila moja ina mwenyewe.

Ruhusa ya maandishi itaje nchi, muda, na njia zote: sinema, runinga, intaneti, matamasha, shule. Bango na kionjo cha filamu vitajwe kando, kwa sababu msanii anayekubali mchoro wake uwe ndani ya filamu anaweza asipende ugeuzwe tangazo. Kama msanii ni mwanachama wa chama cha kukusanya mirabaha, huenda yeye mwenyewe hana uwezo wa kukusamehe malipo, muulize. Na mpe mwanasheria asome kabla hamjatia saini.

Msanii anataka kuiona filamu kabla haijatoka. Nikubali?

Kubali aione. Jambo la kujadiliana ni mamlaka yake baada ya kuiona. Mimi huandika hivi kabla ya siku ya kwanza: ataiona kabla ya uhariri kufungwa, atasahihisha makosa ya ukweli, ataondoa kinachohatarisha usalama wake au wa familia, mengine yote ni uamuzi wangu. Wapo wanaokataa, nami huaga kwa heshima.

Kuna njia nyingine halali, ya msanii kuwa mshirika kamili. Goldin alikuwa mmoja wa watayarishaji wa filamu ile niliyoitaja, na jina lake limeandikwa wazi. Kisichokubalika ni kumpa msanii mkasi kwa siri halafu kumwambia mtazamaji kwamba anaona jicho huru.

Nimlipe msanii?

Katika uandishi wa habari kuna desturi ya kutolipia mahojiano, na sababu yake inaeleweka: pesa inaweza kununua maneno. Lakini filamu inayomchukulia mtu siku arobaini za kazi, umeme wake na meza yake ni kitu kingine. Mkono mtupu haulambwi. Mimi hulipia matumizi ya picha za kazi zake, gharama nilizomsababishia, na siku alizozitoa kwa ajili ya kamera badala ya kazi. Wasaidizi pia. Na nasema hivyo mtu akiniuliza.

Galeri yake imejitolea kugharamia filamu. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Galeri inauza kazi za mtu huyo. Mkusanyaji mwenye kazi zake ishirini naye anafaidika bei zikipanda, na filamu nzuri inaweza kuzipandisha. Ukipokea pesa hizo, filamu haitaweza kuuliza kwa nini kazi inauzwa kwa bei ile, wala nani alipata nini. Kama huna njia nyingine, chukua sehemu ndogo, andika mkataba kwamba mfadhili hana sauti katika uhariri, na taja jina lake mwanzoni mwa filamu. Ruzuku za mifuko ya utamaduni, vituo vya runinga vinavyonunua mapema, na michango ya watazamaji zinachosha kuziomba, ila zinakuachia ulimi wako.

Pesa ikiwa sehemu ya kisa, ionyeshe. Mtengeneza filamu Lucy Walker alipomfuata msanii Vik Muniz kwenye jalala la Jardim Gramacho, nje ya Rio de Janeiro, katika filamu iliyotoka mwaka 2010, waokota taka walishiriki kutengeneza picha zao wenyewe kwa takataka, na moja ikauzwa mnadani London kwa faida ya chama chao. Filamu imebakisha hata mjadala wa wahusika wenyewe kama ni haki kumwonyesha mtu dunia nyingine kisha kumrudisha alikotoka. Wangeweza kuukata, na filamu ingekuwa tamu zaidi. Nawaheshimu kwa kuuacha.

Simu inatosha?

Kwa picha, mara nyingi ndiyo, kukiwa na mwanga wa kutosha. Pesa ya kwanza nunulia maikrofoni na stendi. Na kila siku weka nakala tatu za rekodi, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa jengo jingine.

Filamu iwe na urefu gani?

Runinga nyingi hutaka dakika 52. Sinema huzoea kati ya 70 na 90. Matamasha hupokea fupi pia, na dakika kumi kuhusu kazi moja zinaweza kutosha kabisa. Ile ya Namuth na Pollock ni ya dakika kumi hivi.

Nianzie wapi kuhariri?

Tazama rekodi zote kwanza, bila kukata, ukiandika sehemu zilizokufanya usogeze kiti mbele. Panga hizo tu, ndipo utafute sababu ya kuongeza nyingine.

Kazi iliyokamilika ikionekana kwa mara ya kwanza, naiacha sekunde kumi na mbili angalau, bila muziki, bila neno. Kamera isisogee. Wahariri wengi hushikwa na wasiwasi wakaanza kuivuta picha polepole kana kwamba mchoro hauwezi kujitetea. Muziki nauweka mwisho kabisa, na kila mara nauliza: unamwambia mtazamaji ahisi nini ambacho kazi yenyewe haijamwambia? Kisha nawaonyesha watu watano wasiomjua msanii, naifunga skrini, na kuwaomba wanieleze kazi moja waliyoiona, rangi na umbo. Wakieleza maisha ya msanii wakashindwa kueleza kazi, narudi mezani.

Nipeleke wapi filamu ikishakamilika?

Yapo matamasha ya filamu kuhusu sanaa pekee, na la Montréal ni mojawapo ya yanayojulikana. Ya filamu za makala kwa jumla, kama IDFA linalofanyika Amsterdam kila Novemba, hupokea pia. Soma masharti ya onyesho la kwanza kabla hujaiweka intaneti, maana mengine hayakubali kilichokwishaonekana. Makumbusho, vyuo na vyumba vya maonyesho ni watazamaji wazuri mno na husahaulika. Msanii mwenyewe na waliomsaidia waonyeshe kwanza, faragha, kabla ya ukumbi wowote.

Nitajuaje wakati wa kuacha kurekodi?

Wengi huacha usiku wa uzinduzi: glasi, makofi, watu wakipiga picha. Nawe rekodi, ila usiishie hapo. Rudi karakanani kesho yake. Yule mama mchoraji, siku lori lilipokuja kuchukua kazi zake zote, alisaini karatasi, akasimama mlangoni mpaka likakata kona, kisha akaingia ndani. Kuta zilikuwa tupu, misumari ikiwa bado ipo, na kila msumari umezungukwa na ukingo wa rangi pale kanvasi ilipoishia, kama madirisha yaliyozibwa. Alichukua ufagio akaanza kufagia kuanzia kona ya mbali. Kamera yangu ilikuwa imeshaingia begini, na betri ilikuwa imekwisha kwa kurekodi lori. Sasa betri moja naibakiza mpaka karakana iwe imefagiliwa.